Mia Nne Kumi na Saba

Kabla sijaijua siku niliyozaliwa
niliijua namba ya bibi.
Mia nne kumi na saba: niliitamka kaunta,
pua ikifika ukingo wa mbao,
na Bwana Purdie akaiandika kwa penseli
aliyoilamba kwanza, ulimi kama wa mla zambarau.
Siagi ratili moja, sukari mbili, mshumaa.
Vya Euphemia Tulloch, nikaongeza.
"Sikuuliza jina, mtoto."

Strathlorran ulikuwa mtaa mmoja mrefu,
mto huku, kiwanda kule,
na king'ora kikituamsha sote kama deni.

Bibi alisimulia alivyosimuliwa:
zamani kiwanda kililipa kwa vipande vya bati,
na bati lilinunua katika duka la kiwanda tu.
Unga ulitiwa chokaa,
chai ilitiwa majani ya ua,
na kibaba kilikuwa na kitako kinene kwa ndani.
Haba na haba, wanasema. Naam.
Haba zilikuwepo; kibaba ndicho kilichodanganya.

Wafumaji kumi na mmoja, chumba juu ya mhunzi,
sakafu ikiwapasha nyayo.
Peni mbili kwa wiki kila mtu, miezi kumi na minne,
ndani ya buli lililovunjika mdomo.
Kisha gunia moja la unga wa shayiri
na mizani ya kuazima kwa daktari wa ng'ombe.
Wakaiweka dirishani, ikitazama barabara,
ili hata asiyenunua aone mshale unaposimama.

Sitasema walikuwa malaika.
Waligombana usiku kucha juu ya wiski, iuzwe au isiuzwe
(haikuuzwa; walikwenda kuinywa kwingine).
Mtunza fedha wa pili, Ebenezer Rankine,
aliondoka na pauni tisa na mke wa mwokaji.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
hii ilipotea na daftari lake, na habari zikajaa mji.
Tangu hapo kufuli tatu, funguo tatu, mifuko mitatu,
na mmoja ulikuwa mfuko wa aproni:
mjane Grizel Haldane, asiyejua kusoma,
aliyehesabu kwa mafundo ya uzi
asikosee hata nusu peni.

Likaja duka la mikate, la makaa, la viatu,
na farasi wa maziwa aliyejua milango kuliko dereva wake.
Kila robo mwaka, gawio:
foleni hadi darajani,
buti za watoto zimo tayari katika vichwa vya mama zao.
Ushirika ulizika pia, na hata jeneza lilileta gawio.
Lachlan Gowans alipokuwa akikata roho
mkewe alimwinamia sikioni:
kama ni kwenda, mpenzi, nenda kabla ya Jumamosi,
hesabu za robo zinafungwa.
Akaenda Ijumaa. Hakuwahi kumbishia.

Mwaka wa mgomo, kanuni ya saba ilisema: hakuna kukopesha.
Wiki ya tano ikafika, na kamati ikakaa.
Hakuna aliyeifuta kanuni.
Daftari la siku zile nimelishika kwa mikono yangu:
safu ya malipo ni tupu,
na pembeni, kwa mwandiko wa mtu asiyejitaja,
*mikate 312, imeliwa na panya.*

Kiwanda kilifungwa nikiwa na miaka tisa.
Ushirika ukamezwa na wa mji mkubwa,
nao ukamezwa.
Dukani kwa Purdie sasa kuna mashine,
watu hukimbia juu ya mikanda, hawafiki.

Mwishoni bibi alisahau mengi, mimi nikiwa mmojawapo.
Nesi alimwuliza jina lake.
Akaketi wima, mkono ukitafuta kikapu:
"Mia nne kumi na saba."

Namba ya siri ya benki yangu sikuambii.
Ina sifuri mbele. Nyingine umeshazijua.